Kwa Shangazi Thuwayba, Aliyetusomesha Kiingereza kwa Makopo

Shangazi,

Sikuulizi hali. Ulitufundisha wewe mwenyewe kwamba hata Waingereza huanza barua kwa kuuliza hali, lakini yako naijua. Umelala chini ya mlima nyuma ya Matrah, mji wetu huu wa bandari, na sisi wanawake huko hatuendi, kwa hiyo nnakuandikia. Hali yangu ni kwamba nimekasirika. Nimekasirika tangu siku waliyokutoa nyumbani, na miezi imepita, na watu wananiambia nisubiri, na kila anayeniambia nisubiri ananiongezea hasira.

Sijui hata nikuite nani. Chini, jikoni, ulikuwa Shangazi. Ukishapanda ngazi ukaingia chumba cha juu ulikuwa Mwalimu, na aliyejisahau akakuita Shangazi humo ndani ulimtazama mpaka akajirekebisha. Leo nitakuita nnavyotaka.

Nataka nikukumbushe ilivyokuwa, kwa sababu humu ndani sasa inasimuliwa vingine.

Unguja ulikuwa mwalimu kwelikweli, na skuli yako ya wasichana, na kengele, na chaki za rangi. Yakaja mapinduzi, mumeo akachukuliwa mlangoni asirudi, na wewe ukahangaika bandari hii na ile mpaka ukafika kwa kaka yako, baba yangu, na sanduku moja. Huku hapakuwa na skuli ya kunipeleka mie. Za wavulana zenyewe zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Nilikuwa nimekaa ndani tangu tulipohama Unguja, nikichagua mchele na kusikiliza wanawake wakihadithiana nyumba walizoziacha. Siku moja tunakula, ukaweka tonge chini ukasema, "Asya anaoza." Baba akacheka. Wewe hukucheka. Wiki ile ile ukaomba mlango wa kabati bovu, ukaupaka masizi, ukauegemeza ukutani chumba cha juu. Huo ukawa ndio ubao.

Tulikuwa wanne. Mie, wale wasichana ndugu wawili wa nyumba ya pili waliotoka Unguja kama sisi, na Muna. Muna ni wa hapa hapa, Kiswahili hajui hata neno, na dari yao, paa bapa la kuanikia nguo, imegusana na yetu, basi alikuwa akivuka juu kwa juu wakati wa mchana wanaume wakiwa wamelala. Kwao walidhani anakuja kujifunza kushona. Wewe ulimfasiria kwa Kiarabu, sisi kwa Kiswahili, na baadaye ukaacha kutufasiria kabisa ukasema tupapase wenyewe.

Kitabu hatukuwa nacho. Ulisema darasa letu ni la sekondari, mwaka wa pili, na utatusomesha kama ulivyosomesha Unguja, bila kupunguza kitu. Mie nikauliza tutasoma nini. Ukashuka jikoni ukarudi na kopo la maziwa ya unga, debe la mafuta ya taa, na kipande cha gazeti la Bombay kilichofungiwa bizari. "Kila kinachoshuka bandarini kina maneno," ukasema. "Someni." Tukasoma. Kopo la biskuti likatwambia tuliweke pahali pakavu penye baridi, na Muna akauliza kwa Kiingereza chake kibovu ni wapi hapo, mwezi wa sita, Matrah. Ukacheka mpaka ukakaa. Ndiyo mara pekee nnayokumbuka umecheka mwaka mzima ule.

Kwa sababu ulikuwa mkali, Mwalimu. Watu sasa wanasema marehemu alikuwa mpole. Mpole nani? Muna hakuweza kusema herufi "p", Kiarabu hakina, na wewe ukamwekea kipande cha karatasi mbele ya midomo, ukamwambia karatasi isiporuka hatoki. Alilia. Karatasi ikaruka. Mmoja wa wale ndugu wa nyumba ya pili alisema neno la Kiswahili katikati ya sentensi, ukamsimamisha mpaka mwisho wa somo. Na mie ulinifanya vibaya zaidi ya wote, na hili sijakwambia, na nakwambia leo.

Ulitupa insha ya kwanza. Nyumba Yetu. Nilikaa nayo siku nyingi. Niliandika nyumba ya Unguja: baraza, mlango wenye misumari ya shaba, mdimu uani, kisima, chumba cha bibi na harufu ya udi wake. Kila neno nililotafuta nililitafuta kwa mapenzi. Ukaisoma umesimama, ukachukua kalamu, ukapiga mstari kutoka pembe hadi pembe. "Nyumba hii haipo," ukasema. "Andika unapolala."

Nilikuchukia. Sikusema nawe siku mbili, ukajifanya huoni. Nilikuchukia kwa sababu nilikusikia mwenyewe mara ngapi baada ya sala ukimwomba Mungu akurudishe kwenye nyumba ile ile, kwa jina la mtaa. Wewe ulikuwa na ruhusa ya kuililia na mie sina ruhusa ya kuiandika.

Nikaandika nnapolala. Niliandika kwa hasira. Niliandika ngazi zetu zisizo sawa, na mawe ya mlima yanayotoa joto hata jua likishakuchwa, na mbuzi wa jirani anayekula makaratasi, na papa anayekaushwa mpaka nguo zinanuka, na lango la mji linavyofungwa jioni na watu wote wanaingia ndani kama kuku. Niliandika kwamba sipapendi. Ukasoma, na safari hii ukakaa chini. Ukasema, "Sasa naona." Hukuongeza neno. Lakini toka siku hiyo Kiingereza kikawa changu, nikajua naweza kusema ndani yake kitu cha kweli, na wewe ulijua kwamba nimejua, na bado hujaniomba radhi kwa ule mstari.

Nakubali kwamba mwaka ule ndio uliokuwa mzuri kuliko yote niliyoishi huku. Nakubali kwa shida.

Sasa nifike pale palipoharibika.

Mdogo wake Muna alikuwa na homa na kikohozi. Bibi yao akatoa chupa iliyoletwa kutoka Karachi, akamimina kijiko, akamshika mtoto kidevu. Muna akasoma karatasi ya chupa. Akamshika bibi mkono, akamwambia hii si ya kunywa, ni ya kupaka, ni sumu ikiingia tumboni. Bibi akauliza nani kakwambia. "Imeandikwa," akasema Muna.

Alituhadithia kesho yake darasani, anatetemeka kwa furaha, na wewe ukageuka ukatazama ubao muda mrefu. Nilidhani unaona fahari. Labda uliona fahari. Labda uliona pia kinachokuja, maana wewe ulikwisha kuona mambo yakija kabla.

Bibi hakuwa na ubaya. Alimpenda mjukuu wake, akatembeza habari kila nyumba: Muna wetu kasoma Kiingereza, kamwokoa mtoto. Haikufika wiki, mzee mmoja wa mtaa, mtu anayesikilizwa na wakubwa, akaja barazani kwa Baba. Akanywa kahawa, akala halua. Mie nilikuwa nyuma ya pazia. Akasema taratibu, "Nasikia nyumbani kwako kuna skuli." Ndiyo hayo tu. Akaondoka. Zama zile mtawala hakutaka skuli, na mtu alitiwa ndani kwa kidogo kuliko hicho, na sisi tulikuwa watu wa juzi, tumepokelewa, tunaweza kuambiwa tutoke.

Baba akakuita chumbani kwake. Mkakaa. Mimi nilikuwa ngazini na nilisikia neno moja tu lako, la mwisho, ulipokuwa ukifungua mlango. Ulisema, "Sawa, kaka."

Ukapanda, ukaunyanyua ule mlango wa kabati, ukaufuta masizi kwa kitambaa cha maji mpaka mbao ikatoka. Siku ya pili Muna alivuka dari kama kawaida, ukamkuta juu pale, ukamrudisha. Baada ya hapo kwao wakamfanyia haraka, akaozwa Sib, mji mwingine wa mbali, kwa mtu aliyempita umri sana. Hatukumaliza mwaka. Tulikuwa tumefika kwenye wakati ule wa sarufi uliotusumbua, wa jambo lililokwisha kutendeka kabla ya jingine, na mie nilikuwa ndiyo kwanza nauelewa.

Nilikuja kwako chumbani nikakuomba unisomeshe mie peke yangu. Tuko nyumba moja, nikasema, nani atajua. Ukasema, "Nimempa kaka yangu neno." Nikakuomba tena wiki nyingine. Ukasema hivyo hivyo. Ulikuwa unatoboa kwa sindano matundu ya nakshi kwenye kitambaa cha kofia, hukuinua hata kichwa. Nilisimama pale nikafikiri: huyu ndiye aliyemtoa Muna machozi kwa herufi moja, na kwa mwanamme mmoja mwenye hofu amekunja kila kitu katika kitambaa.

Kisha ukaumwa. Kifua kilianza na baridi za kipupwe, hukusema, ukajifanya ni vumbi. Daktari alipokuja kuitwa ulikuwa umekwisha kuwa mwepesi, nilikunyanyua peke yangu kukugeuza. Akaleta dawa, na dawa ina karatasi, na mie nikakaa kitandani kwako nikaisoma kwa sauti. Nilikosea makusudi. Nilisoma vibaya neno la kwanza, nikakutazama. Nikasoma vibaya la pili, vibaya sana, hata mtoto angenicheka. Nilitaka unirekebishe. Nilitaka tu useme, hapana, hebu rudia. Ulijua nafanya nini, Shangazi. Nilikuona umejua. Ukafumba macho ukageukia ukuta.

Ulikufa Ijumaa asubuhi, na hilo ndilo somo la mwisho ulilonipa.

Sasa nikwambie yaliyobadilika, maana yamebadilika mengi, na hasira yangu kubwa iko hapa. Hukungoja. Ulikufa mwezi wa nne. Mwezi wa saba redio ikasema nchi ina mtawala mpya. Watu walitoka nje, wakapiga ngoma, wakakumbatiana na wasiowajua. Lango jioni halifungwi tena. Wanaume wanavaa miwani ya jua, iliyokuwa imekatazwa, kwa furaha tu ya kuvaa. Wanawaita waliosoma warudi kutoka kila nchi, wale wale waliokuwa wakiogopwa mwaka jana, na kila siku mtu anafika na sanduku anazungumza Kiswahili cha Unguja sokoni kwa sauti kubwa. Na wanafungua skuli ya wasichana. Hapa, ya serikali. Miezi mitatu, Mwalimu. Ungengoja miezi mitatu.

Mwezi uliopita Baba alikuwa na wageni, mabwana wa idara mpya ya elimu. Mie nikaleta kahawa. Mmoja akauliza kama ni kweli humu ndani mna binti anayesoma Kiingereza, maana wanatafuta wasaidizi wa kusomesha na hawapati. Baba akanyoosha mgongo. Akasema, "Mie wanangu niliwasomesha. Hata wakati ule mgumu, humu humu ndani, juu hapo. Nilisema mtoto wa kike hatakaa mjinga nyumbani kwangu."

Mabwana wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema Mungu amlipe.

Nilikuwa na dele la kahawa mkononi. Nililiweka chini. Nikasema, "Baba, aliyenisomesha ni Shangazi Thuwayba. Wewe ndiye uliyemfungia skuli yake."

 Baba hakunipiga, hakuninyamazisha. Alitazama kikombe chake. Wageni wakaaga mapema, kwa adabu, na mie nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Asubuhi alinikuta ninaanika nguo darini. Alisimama upande wa kivuli, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba amezeeka.

"Unadhani alikubali kwa wepesi," akasema. "Unadhani nilimwambia funga, akafunga."

Nikaendelea kuanika.

"Alinipigia magoti, Asya. Dada yangu, mkubwa wangu, aliyenibeba mgongoni. Alisema atasomesha gizani, atasomesha bila ubao, atakusomesha wewe tu. Nikamwambia wakitutoa hapa hatuna pengine pa kwenda, na lolote litakalowafika watoto hawa litakuwa juu ya kichwa chake. Nilijua pa kumpiga. Mumewe alimwambia waondoke Unguja mapema, na yeye ndiye aliyesema wangoje skuli ifunge muhula. Nilijua, nikalisema hilo. Ndipo akasema sawa."

Kisha akaniuliza, "Ulitaka nifanye nini?"

Ningeweza kumwambia mengi. Nilimwambia, "Nilitaka jana utaje jina lake."

Akashuka.

Kwa hiyo, Shangazi, mwaka mzima nimekukasirikia kwa neno ulilotolewa kinywani kama jino. Nimekuona mwoga. Nilikaa ngazini nikasikia mwisho wa mazungumzo nikadhani ndiyo mazungumzo yote. Na bado nimekukasirikia, usidhani imekwisha. Imehama tu. Nimekasirika kwamba hukuniambia. Nilikuwa mkubwa. Ungesema, Asya, sipendi, nimeshikwa hapa. Tungekasirika pamoja, sote wawili, na pengine kifua chako kingepata nafasi ya kupumua. Ulitufundisha kuandika tunapolala, na wewe mwenyewe ulilala na jambo hilo bila kulitaja kwa lugha yoyote.

Na nimemkasirikia mzee yule wa mtaa. Jana nimemwona amempeleka mjukuu wake wa kike kuandikishwa, kavaa kanzu mpya, anamsalimia kila mtu.

Mie pia nimeandikishwa, upande wa wanaosomesha. Nitawachukua wadogo, niwaanzishie herufi. Bwana wa idara alikuwa na meza barazani pa nyumba waliyoikodi kwa skuli, akauliza nimesoma wapi. Nikasema nyumbani. Akauliza kwa nani. Baba alikuwa amekaa kiti cha pembeni, maana sikuweza kwenda peke yangu. Nikanyamaza makusudi, nikamgeukia. Nilitaka nione.

Baba akakohoa. Akasema, "Kwa dada yangu. Thuwayba. Alikuwa mwalimu Unguja. Alisomesha kwangu mwaka mmoja kasoro, kisha nikamzuia."

Bwana yule hakujua afanye nini na maneno hayo ya mwisho. Akaandika jina lako. Akauliza kama linaandikwa kwa "th", nikasema ndiyo.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumba Baba akaniuliza kama nataka kununuliwa chaki za rangi. Nikasema ndiyo. Halikunitosha hilo, na sikumwambia kwamba limenitosha. Lakini nilimpunguzia mwendo, anaumwa goti.

Muna alikuja Sikukuu. Ana mtoto, mnene, anafanana naye kila kitu. Nilidhani tutalia, au atanionyesha bangili. Alikaa kitandani, akamweka mtoto kwenye ziwa, akasema kwa Kiingereza, polepole, bila kukosa hata herufi, "Tulifika wapi?" Nikamwambia tulifika kwenye jambo lililotendeka kabla ya jingine. Akasema huko Sib anasoma kila kopo linaloingia nyumbani, lakini makopo hayana habari mpya, amekwisha kuyahifadhi yote. Mumewe anafanya kazi kwa wanaojenga barabara, anaona wenye Kiingereza wanavyoitwa mbele, na amesema mkewe akitaka kusoma asome, ila mwalimu awe mwanamke na aje nyumbani.

Basi nnakwenda. Baba amekubali kunipeleka kila Ijumaa baada ya sala, kwa gari ya rafiki yake, na njia hiyo ni ya mawe matupu. Nakuahidi hivi, Mwalimu: mwaka ule uliokatwa nitaumaliza. Nitaumaliza kwa Muna, na kwa wale ndugu wawili wakitaka, na nitausomesha kama wa sekondari, bila kupunguza kitu. Sitakuwa mpole. Lakini msichana akiniandikia nyumba isiyokuwepo, nitaisoma mpaka mwisho, nimsahihishie makosa ya sarufi tu, na kisha ndiyo nimwombe aniandikie nyingine.

Na siku nitakapoambiwa nifunge, maana siamini kwamba haitakuja, wanafunzi wangu nitawaambia sababu, kwa jina na kwa lugha zote tatu.

Mungu akurehemu, Shangazi, na akupe nafasi huko. Mtoto wa Muna ni wa kike. Wamemwita Thuwayba.

Mwanao,
Asya